Dokta, Mpira wa Maji na Wajumbe wa Bodi

Ukishapata shahada ya uzamivu ya elimu, kila mtu anajua pa kukupeleka isipokuwa darasani. Shangazi zangu walinipeleka wizarani. Jirani alinipeleka chuo kikuu, akaniongezea na gari. Rafiki tuliyeanza naye ualimu alinipeleka kwenye mashirika ya kimataifa, tena kwa hasira: "Wenzako wote wako huko, wewe unangoja nini?" Nilipowaambia narudi shule, kule kule kwenye madawati na vumbi la chaki, walitazamana. Mmoja akaniuliza kwa upole kama kuna kesi.

Chumba cha walimu nacho kilikuwa na nadharia zake. Kambi ya kwanza iliamini nimefukuzwa nilikotoka. Kambi ya pili, iliyokuwa na wafuasi wengi zaidi, iliamini nimetumwa kuwachunguza. Mwalimu wa hesabu alikuwa akifunika daftari lake la alama kwa kiwiko kila nikikaa karibu. Mwalimu wa michezo, mtu wa utani, alinibandika jina la Dokta asubuhi, na kufikia mchana hata mlinzi wa getini alikuwa analitumia. Nikisema nimerudi kwa kuwa napenda kufundisha, watu walicheka kwa adabu, kisha wakasubiri niseme ukweli.

Tasnifu yangu ilihusu mazungumzo ya wanafunzi katika vipindi vya sayansi. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya madarasa ya watu na kinasa sauti, kisha kwenda nyumbani kuyagawa maneno ya watoto katika mafungu. Fungu A, mtoto anatoa hoja. Fungu B, mtoto anajibu hoja ya mwenzake. Fungu C, mazungumzo yasiyohusiana na mada. Fungu C kwenye tasnifu lina aya moja fupi, halafu mtafiti anaendelea na mambo ya maana. Sasa nimesimama mbele ya darasa na kugundua kwamba Fungu C ndilo darasa lenyewe. A na B huja kutembea tu, tena kwa nadra. Ukikaa nyuma huoni nyuso, unaona visogo, na visogo vyote duniani vinaonekana vinasikiliza.

Lakini sikurudi kinyonge. Nilikuwa na silaha.

Silaha ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza kanda nyingi sana za vipindi vya sayansi akagundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri takribani sekunde 1 tu, kisha hujijibu mwenyewe au humrukia mtoto mwingine. Mwalimu akivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu yanarefuka, na hata wale wasiozoea kusema wanaanza kusema. Ni utafiti mzuri, nimeunukuu mpaka msimamizi wangu akaniomba nipunguze. Basi nikaingia darasani, nikauliza kwa nini binadamu anahitaji kula, nikafumba mdomo. Sekunde 3 zikapita. Kwa kuwa mimi ni mtu wa uzamivu, niliona nizidishe. Darasa likanikodolea macho. Msichana mmoja wa dawati la mbele akamnong'oneza mwenzake, "Amesahau." Mwenzake akamjibu, "Msaidie basi." Yule binti akasimama kwa huruma nyingi, akaniambia, "Mwalimu, ulikuwa unasema habari za kula."

Upande wa pili wa ukuta alikuwepo Bi Mkubwa. Sote tunamwita hivyo, na nusu ya walimu pale shuleni amewafundisha yeye. Hana kinasa sauti wala mafungu. Anaandika ubaoni, anageuka, anatazama, basi. Jacob Kounin, katika utafiti wake wa nidhamu uliochapishwa mwaka 1970, alieleza kwamba walimu wenye madarasa tulivu hawawazidi wenzao kwa namna wanavyokaripia; wanawazidi kwa kujua kila kinachoendelea kila kona kabla hakijawaka, na wanafunzi kujua kwamba mwalimu anajua. Macho kisogoni. Mimi Kounin nimemsoma. Bi Mkubwa yeye anakohoa. Akikohoa mara moja kule kwake, darasa langu huku linanyamaza. Nilishawahi kumweleza kuhusu Kounin wakati wa mapumziko. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na huyo naye alikuwa na kikohozi?"

Silaha kubwa nilikuwa nimeiweka akiba. Mada yetu ilikuwa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na nilitaka kuifundisha kwa mbinu ya vipande, aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake mwaka 1971 huko Austin, Texas. Shule za mji ule zilikuwa ndiyo kwanza zimechanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Kilatini, na madarasa yalikuwa yanachemka. Aronson akaona kwamba watoto wanashindana kwa sababu darasa lenyewe limejengwa kwa mashindano. Akaligawa somo vipande, kila mtoto katika kikundi akapewa kipande ambacho wenzake hawana. Wenye kipande kimoja wanakutana kwanza wanakuwa wataalamu, kisha wanarudi vikundini kufundisha. Hapo huwezi kumdharau mwenzako, maana ameshika kitu unachokihitaji. Nikisimulia hadithi hii kwenye makongamano, watu huandika.

Rejista ilionyesha wanafunzi 50. Vipande vitano: kinywa, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Vikundi 10 vya watu watano, hakuna anayebaki. Usiku ule niliitazama hesabu hiyo nikaona ni baraka. Andalio langu la somo lilifika kurasa 11, na malengo mahususi yalipanda ngazi zote sita za kujifunza alizozipanga mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom mwaka 1956, kuanzia maarifa hadi tathmini, bila kuruka hata moja. Andalio la Bi Mkubwa kwa mada hiyo hiyo liko kwenye kadi, na kadi yenyewe imeshageuka rangi.

Zana zilikuwa ndiyo roho ya somo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6. Utumbo mpana ni mfupi, takribani mita 1.5, ila ni mnene zaidi. Ukimwambia mtoto hivi, anaandika na kusahau. Mpe aushike! Kwa utumbo mwembamba nikapata kamba kwa mwalimu wa michezo, nikaipima, nikatia alama kwenye mita 6. Kwa utumbo mpana nilihitaji kitu kinene chenye tundu ndani, na kitu hicho kilikuwa kimelala kwenye bustani ya maua: mpira wa maji.

"Shikamoo mzee wangu," nikamwambia mzee wa bustani.

"Marahaba, Dokta. Unataka mpira wangu."

Sijui alijuaje. Nikamweleza. Akasikiliza, akauliza kama huo utumbo lazima uwe wake. Nikasema nitaukata kidogo tu, mita moja na nusu. Alinitazama kwa muda uliozidi sana sekunde tatu za Rowe.

"Huukati," akasema. "Na huutoi kwenye bomba. Njoo uone." Akanipeleka nyuma ya jengo. Pale mpira ulipoungana na bomba palikuwa na waya uliozungushwa mara nyingi, juu yake ukanda wa tyubu ya baiskeli, juu ya ukanda waya mwingine, na juu ya vyote hivyo kipande cha kitambaa ambacho zamani kilikuwa soksi. "Hiki kiungo kina umri kuliko wanafunzi wako. Ukikitoa hakirudi. Chukua ncha tu, pitisha dirishani. Ukimaliza nirudishie ncha yangu."

Nikaona ni sawa. Ncha ikaingia dirishani, nikapima mita 1.5, nikaizungushia utepe mwekundu kuonyesha utumbo unapoanzia. Sehemu iliyobaki ya mpira ikabaki nje, ikakatiza maua, ikapinda kona, ikaishia kwenye bomba. Kwangu mimi sehemu hiyo haikuwepo. Kwenye andalio la somo haimo.

Kipindi kilianza saa 4 kamili, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Mlangoni walikuwa wamesimama watoto wawili wenye barua za uhamisho.

Sasa 50 nimekuwa nao usiku kucha, wanagawanyika vizuri. 52 hawagawanyiki kwa tano, hata uwabembeleze. Wale wageni wakakaa kando wakitazama wenzao wakigawanywa, mpaka mmoja akauliza, "Na sisi tutakuwa nini, mwalimu?" Kutoka dawati la nyuma ikasikika sauti ikipendekeza kiungo ambacho kinakuja baada ya utumbo mpana, na haikutumia jina la kitabuni. Fungu C. Nikasubiri kicheko kiishe, na kicheko hakikuwa na haraka. Nikawaambia wale wawili kwamba watakuwa waangalizi, kazi ya heshima, hata mimi nimeifanya kwa muda mrefu. "Andikeni kila mnachokiona, na saa yake." Mmoja alichukua kalamu kwa uzito mkubwa. Laiti ningemwangalia usoni vizuri.

Kugawa vikundi kulichukua muda kuliko nilivyoandika. Kila aliyepangiwa kinywa alifurahi. Aliyepangiwa tumbo aliridhika. Umio walitaka kwanza kujua ni nini. Utumbo mpana haukutakiwa na mtu. Kijana mmoja alinijia mezani kimyakimya, mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, naomba kuhamishwa. Mimi nikitaka kuwa mtaalamu, sitaki kuwa mtaalamu wa choo." Nikamweleza kwamba katika mbinu hii kila kipande kina thamani sawa. Akauliza, kama kina thamani sawa, kwa nini nisiwape wale wa mbele. Hoja, na imejibiwa kwa hoja. Ningekuwa nyuma ya darasa ningeiweka Fungu B na kushangilia. Mbele ya darasa nilimwambia akae.

Madawati yakaburuzwa. Wataalamu wa umio na wataalamu wa tumbo waligombea kona moja, kila upande ukidai kijiografia ni yake. Watu wa tumbo wakapoteza karatasi yao, wakaenda kuazima ya kinywa, wakarudi na taarifa kwamba tumbo lina meno 32.

Na utumbo mwembamba walikuwa na kamba.

Nimesoma mengi kuhusu namna mtoto anavyoshirikiana na zana. Ninayo sura nzima. Katika sura ile hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukiwapa vijana 10 kamba ya mita 6, watano watashika huku na watano watashika kule, hata kama hakuna aliyewaambia. Nilipogeuka, mashindano yalikuwa yameshaanza. Duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, ilikuwa upande wa dirishani, ileamu, yaani mwisho wake, upande wa mlango, wamekaza miguu sakafuni, na wataalamu wa vipande vingine vyote walikuwa wameacha utaalamu wao wakishangilia. "Vuta! Vuta duodeni!" Kwa upande mmoja nilifurahi, maana neno duodeni nililiandika ubaoni dakika chache tu zilizopita na sasa linaimbwa. Kwa upande mwingine nilikuwa nasema "jamani," na hakuna jamani aliyeitika.

Bi Mkubwa akakohoa.

Hakukohoa kwa nguvu. Kamba ikaanguka chini yenyewe. Madawati yakarudi kwenye mistari kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tena, watoto wakakaa wima, mikono juu ya meza, kila mtaalamu na karatasi yake. Ukimya ukatanda. Na katika ukimya huo mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa shule akiwa na wajumbe watatu wa bodi.

Lazima nieleze kuhusu mkuu wetu. Ndiye mtu pekee aliyefurahia kurudi kwangu bila kuuliza sababu, kwa kuwa hakuna shule ya jirani yenye mwalimu mwenye uzamivu. Ananionyesha kwa wageni. Siku hiyo alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, ile ya mahafali. Akasimama, akalitazama darasa lililotulia, akatazama kurasa 11 mezani, akawageukia wajumbe na kusema kwa sauti ya chini iliyokusudiwa kusikika, "Ndiyo haya niliyokuwa nawaeleza."

Wajumbe wakaombwa wakae mbele. Nikaona mlango wangu umefunguka. Nikaeleza kidogo kuhusu Aronson, mjumbe mmoja akatoa kalamu. Kisha nikasema, "Sasa naomba mtaalamu wa utumbo mpana atueleze. Utumbo mpana kazi yake ni nini?"

Akasimama binti mmoja mtulivu, ameshika ncha ya mpira kama mwimbaji aliyekabidhiwa kipaza sauti. Akanitazama. Nikanyamaza ili afikiri. Sekunde ya kwanza. Ya pili.

Mpira ukaunguruma.

Ulikuwa mngurumo wa ndani kabisa, wa kutoka mbali, unakatika na kurudi. Mjumbe mwenye kalamu akatikisa kichwa kwa kukubali, akamwambia mwenzake, "Hata sauti wameweka." Mkuu wa shule akatabasamu kwa fahari. Mimi mwenyewe, nasema kweli, nilijiuliza ni mtoto gani amebuni kitu kizuri namna hii.

"Utumbo mpana," binti akaanza, "kazi yake kuu ni kufyonza maji yaliyobaki kwenye..."

Mpira ukacheua upepo. Ukatema maji kidogo ya rangi ya kutu, na jani. Kisha ukatulia, watu wote tukiutazama, na hapo ndipo maji yenyewe yakafika.

Mtoto wa watu hakuutupa. Nilishamwambia asiuachie, ni zana, auheshimu. Akaushika kwa mikono miwili akapiga kelele, na kila alikogeuka kuomba msaada, maji yaligeuka naye. Alinigeukia mimi, kurasa 11 zikaenda. Aliwageukia rafiki zake, wakaenda chini ya madawati. Halafu, kwa kuwa amelelewa vizuri na anajua kwamba penye shida unamtazama mkubwa kuliko wote, akamgeukia mkuu wa shule. Yakampata katikati ya suti, chini kidogo ya kifungo cha mwisho, mahali ambapo mtu mzima akilowa hakuna maelezo yanayosaidia.

"Utumbo mpana unahara!" akapaza sauti yule mchangiaji wa dawati la nyuma.

Darasa likapasuka. Mjumbe mmoja alikuwa juu ya kiti, mwingine amejikinga kwa rejista yangu. Hapa watu huniuliza kwa nini sikukimbilia dirishani. Sikukimbilia dirishani kwa sababu mtoto alikuwa amesema kitu cha kisayansi. Mazungumzo yanayohusiana na mada, yametolewa kwa hiari, mbele ya mashahidi! Unajua nimekaa nyuma ya madarasa mangapi nikilisubiri jambo hilo? Nikanyoosha mkono, maji yananitiririka masikioni, nikauliza kwa sauti ya juu, "Kwa nini unahara? Nani atatueleza kwa nini?"

Sikuhitaji kusubiri sekunde yoyote. Kijana yule yule aliyekataa kuwa mtaalamu wa choo alisimama juu ya dawati, akasema, "Kwa sababu haufyonzi maji, mwalimu! Maji yanapita haraka, yanatoka yote!"

"Vizuri sana!" nikasema. "Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Makofi matatu kwa pamoja, kama inavyotakiwa, na mjumbe aliyekuwa juu ya kiti naye akapiga, nadhani kwa mazoea. Mkuu wa shule hakupiga. Alikuwa amejifunika kwa kurasa mbili tatu za andalio langu zilizokuwa bado zinashikika.

Ndipo kichwa kikatokea dirishani. Kilikuwa cha kijana wa darasa la juu, aliyechelewa asubuhi, na mwalimu wa zamu akampa adhabu ya kumwagilia maua. Alikuwa amefungulia bomba kama alivyoagizwa, akakaa kwenye maua akingoja maji, hayakuja. Akaona mpira umetambaa kuelekea madarasani, akaufuata mkono kwa mkono mpaka hapo. Akatazama ndani. Akamwona mkuu wa shule. Akaanza kwa adabu.

"Shikamooni. Samahani mwalimu, maji yangu yako humu?"

Mlango wa pili ukafunguka akaingia Bi Mkubwa, bila haraka, kitabu kwapani. Akapita katikati ya mafuriko, akaushika mpira, akaukunja mara moja katikati, akaubana. Maji yakakoma. Kumbe mpira wa maji unakunjwa tu! Akamkabidhi mtoto wa dirishani ncha yake, akamwambia nenda kafunge bomba, akalitazama darasa zima kwa mara moja, watoto wakaanza kupiga deki bila kuambiwa. Akipita karibu yangu alisema, "Pole, mwanangu," akarudi kufundisha.

Niliitwa ofisini mchana. Mkuu alikuwa amekaa nyuma ya meza yake akiwa na shati, tai, na chini suruali ya michezo ya kijani aliyoazima kwa mwalimu wa michezo, yenye namba 9 pajani. Hakusema lolote kuhusu namba hiyo nami sikuuliza. Mbele yake palikuwa na daftari. Mwangalizi wangu, yule mgeni mwenye kalamu, alilipeleka ofisini mwenyewe akidhani ndipo linapokusanywa. Mkuu akavaa miwani akasoma kwa sauti, taratibu.

"Saa 4:06, mwalimu anasema jamani. Saa 4:07, mwalimu anasema jamani jamani. Saa 4:19, wataalamu wa tumbo wamepoteza tumbo. Saa 4:31, utumbo mwembamba unavutwa, upande wa dirishani unashinda. Saa 4:38, kikohozi, kimya. Saa 4:39, wageni, mwalimu anatabasamu kwa mara ya kwanza." Akageuza ukurasa. "Saa 4:44, mafuriko."

"Ni mwangalizi mzuri sana," nikasema, na nilimaanisha. Sijawahi kuwa na msaidizi wa utafiti aliyeandika saa kwa uaminifu namna ile.

"Dokta," akasema mkuu, "wajumbe wanauliza hiyo mbinu ni ya wapi."

"Texas, mkuu."

"Huko Texas walilowa?"

Nikamwomba anipe nafasi ya kutoa jaribio kabla hajatoa uamuzi, kwa kuwa mbinu hupimwa kwa matokeo. Hakukataa. Alikuwa hawezi kusimama kunisindikiza mlangoni, kwa sababu ya suruali.

Jaribio nikalitoa, nikalisahihisha. Swali la utumbo mpana walilipata wote, mpaka mtoto aliyekuwa anaumwa nyumbani siku ile, alisimuliwa. Hakuna kipengele cha mada ile ambacho nimewahi kuona kimeeleweka kwa kiwango hicho, na wengi waliongeza kwa hiari maelezo ya kuhara ambayo sikuyauliza. Utumbo mwembamba haukuwa na bahati. Mmoja aliandika kwamba una urefu wa mita 6 na unatosha watu kumi. Mwingine aliandika kwamba kazi yake ni kuvutwa, na kwamba duodeni ilishinda. Nilimpa nusu alama kwa duodeni. Kuhusu tumbo, bado kuna kundi linaloshikilia meno 32, na hao nawashughulikia taratibu.

Nikapeleka karatasi ofisini. Mkuu, suti ikiwa imerudi kwa dobi na alama hafifu ya kutu, alizipitia moja moja. Ni mtu wa haki. Aliona zile vema nyekundu kwenye swali la utumbo mpana, ukurasa baada ya ukurasa, akashusha pumzi, akazipanga vizuri akanirudishia.

"Sawa," akasema. "Takwimu ni takwimu. Na mada inayofuata kwenye azimio la kazi ni ipi?"

"Mfumo wa uzazi, mkuu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo," akasema, "itafundishwa kwa chaki. Na Bi Mkubwa atakaa nyuma, na daftari."